Kamati ya Kususia Mkate

Ugomvi wote uliletwa na redio. Mimi nilikuwa nimeinamia kiatu cha watu, sina habari na mtu, mara mtangazaji akasema wataalamu wamekutana huko wanakokutanaga wataalamu, wakakubaliana kwamba adui mkubwa wa mwili wa binadamu ni wanga. Mkate, wali, viazi, sukari, vyote vimeunganishwa kwenye kesi moja. Anayetaka kupungua aachane navyo, ale mayai, nyama, mboga za majani na parachichi.

Kijiwe chetu kiko kwenye kibanda changu cha kushonea viatu, mkabala na geti la yadi ya vyuma chakavu. Mali yetu ni mabenchi mawili, redio, na jiko la mkaa la Mama Birika, muuza kahawa wetu. Wa kwanza kuipokea habari ile alikuwa Taarifa, mlinzi wa maegesho ya magari, ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kuona habari akaiacha ipite salama. Akasimama, akavuta suruali juu ya kitambi, akatutangazia kwamba yeye alilijua hilo zamani ila hakutaka kututisha.

"Ulilijua, na mkate ulio mkononi ni wa nani?" Mama Birika akamuuliza.

"Huu ni wa kumalizia."

Kilo, mwenye ile yadi ya vyuma, akasema wataalamu hawana kazi. Babu yake alikula viazi mpaka akazikwa. Mama Birika akamuuliza babu huyo alizikwa na umri gani, Kilo akasema hayo hayahusiani.

Basi tukawa tunarushiana maneno hivyo, tunacheka, mpaka tukagundua kwamba Ghorofa hajafungua mdomo. Ghorofa ni mpaka rangi wa majengo marefu. Jina amelipata kwa kazi yake na kwa umbo lake, na hakuna ajuaye lipi lilitangulia. Siku zote chakula kikitajwa yeye ndiye huwa wakili wa utetezi. Siku ile alikuwa ameuweka mkate wake kwenye sahani, anautazama tu.

"Nyapara kanishusha chini," akasema.

Akatueleza. Wapaka rangi wa majengo yale hukaa wawili wawili kwenye jukwaa linaloning'inizwa kwa kamba kutoka juu ya paa. Yeye hupanda na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana aliyepata mtoto juzijuzi. Wiki iliyopita wakiwa katikati ya ukuta kamba zililia. Nyapara alikuwa chini akazisikia. Akawashusha, akamwonyesha Ghorofa maandishi kwenye chuma cha jukwaa: mtu mmoja asizidi kilo mia. Kuanzia siku hiyo Ghorofa anakoroga rangi chini. Jengo jipya likianza, kama hajashuka chini ya kilo mia, nafasi yake anapewa mwingine na kukoroga kwenyewe kunakwisha.

"Mimi kazi ya chini siijui," akasema. "Nikiwa juu hakuna anayenipigia kelele. Chini kila apitaye anakuonyesha ulipokosea."

Hata Taarifa alimeza mkate wake polepole, kwa heshima. Kisha akatangaza kwamba mwenzetu hawezi kuachwa apambane na wanga peke yake, na papo hapo ikaundwa kamati. Mwenyekiti, Taarifa. Aliyemchagua, Taarifa. Sisi wengine tukawa wajumbe. Azimio la kwanza: sote tunaacha wanga mpaka Ghorofa arudi juu. Sote tukainua vikombe vya kahawa isiyo na sukari, tukakunja nyuso kama watoto waliopewa dawa ya minyoo.

Mama Birika alikubali haraka mno. Keshoye alikuwa ameondoa mikate na kujaza beseni la mayai ya kuchemsha.

Suala la pili lilikuwa mizani. Mama Birika alisema zahanati iko hapo kona. Taarifa akasema zahanati hawakupimi bure, ukishapanda tu wanakuuliza maswali ya presha na baba yako alikufa kwa nini. Kilo akasema mizani iko pale getini, kubwa, ya chuma, inabeba injini ya lori, tutatafuta nini zahanati?

Hapa lazima niwe mkweli kwa niaba ya kijiwe kizima. Mizani ya Kilo tuliijua. Ile ndiyo anayonunulia vyuma kutoka kwa watu, na haijawahi kumpa mtu haki yake. Leta bomba la kilo ishirini, itasema kumi na tisa. Biashara ikibana kidogo, Kilo anaingia na bisibisi, jioni bomba lile lile lina kilo kumi na nane. Tulikuwa tunamtania kwa hilo tangu zamani, na yeye anacheka, anasema chuma hukauka njiani. Sote tulijua. Lakini siku ile tulipopanga foleni kujipima, hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Ilipokuwa inaiba vyuma vya watu tuliita wizi. Ilipoanza kutupunguza sisi, tukaita afya.

Jumamosi ikawa siku ya kupima. Jumamosi ya kwanza Ghorofa alionekana na kilo mia na nane. Ya pili, mia na tano. Makofi. Akafuata Taarifa, naye kapungua. Mimi nimepungua. Kilo kapungua kutushinda sote, akawa anatembea amevuta tumbo ndani na kutushauri juu ya nidhamu. Mama Birika peke yake alikataa kupanda. Alisema yeye hana kesi na mtu.

Kwa Ghorofa mambo yalikuwa ya kweli. Yule bwana aliacha mkate kama mtu aliyeachana na mke kwa talaka tatu. Mchana kabichi na yai, jioni kabichi na kipande cha nyama. Akawa mkali. Ukimsalimu anakuuliza unataka nini. Siku moja alikuja na macho mekundu, akatusimulia ndoto.

"Nimeota niko juu napaka ukuta," akasema, "ndoo yangu imejaa siagi."

"Ukuta wa nini?" nikamuuliza.

"Ukuta wa mkate, Soli. Jengo zima. Na mimi nimefungwa kamba siwezi kuufikia kwa mdomo."

Soli ndiye mimi. Nilimpa pole. Nilimpa pole huku nikisukuma kwa mguu mfuko wangu wa karatasi uende nyuma ya rafu, maana ulikuwa bado una joto.

Sitataja makosa ya watu, lakini mwenyekiti alikuwa na utaratibu wake. Kila mchana alikagua kikopo cha chakula cha Ghorofa, kwa ajili ya usalama. Mara nyingi mke wa Ghorofa, kwa huruma tu, alikuwa anamfichia vipande viwili vya mkate chini ya kabichi. Taarifa anavikamata, anaviinua juu tuvione, anavichukua kwenda kuvihifadhi kama ushahidi kwenye kibanda chake cha ulinzi. Ushahidi ule haukuwahi kufika jioni. Kilo naye alikuwa akiingia yadini kila saa nne kuhesabu spana, akitoka ana makombo kwenye ndevu. Tulijifanya hatuyaoni, kwa sababu na sisi tulikuwa na ya kwetu.

Na hapo ndipo muujiza ulipotuchanganya akili. Kila mmoja wetu alikuwa anakula kwa siri, na kila Jumamosi mizani inasema kapungua. Ungedhani mtu atajiuliza. Hakuna. Kila mtu aliamini mwili wake ni wa aina ya peke yake, unaopungua hata ukila. Taarifa alifika mahali pa kuwapa ushauri wenye magari pale maegesho. Siku aliyowaambia kwamba ameshusha kilo nane, kifungo cha shati lake kiliruka kikatua kwenye beseni la mayai.

Mama Birika alikiokota, akakifuta, akamrudishia. "Kilo zimehama," akasema, "kitambi kimebaki kulinda nyumba."

"Hiyo ni ngozi tu, mama. Ngozi huchelewa."

"Inachelewa ikiwa imebeba nini?"

Taarifa akasema mwanamke huyu hana moyo wa kusaidiana, akaandika azimio la kumkemea. Kwa kweli hakuliandika, alilisema tu, lakini alilisema kwa sauti ya kuandika.

Hatimaye jengo jipya likawa tayari, na Nyapara akatuma neno kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe kushuhudia. Alikuja mchana na pikapu iliyobeba saruji, mbao na mabomba ya jukwaa. Mtu mkavu, mwenye penseli sikioni, asiyependa stori. Kijiwe chote kilikuwa kimesimama getini. Ghorofa alikuwa amenyoa na kuvaa fulana safi. Pembeni alikuwa bibi mmoja mteja wa miaka mingi wa Kilo, amekaa juu ya gunia lake la masufuria mabovu na vipande vya mabomba, anangoja zamu yake.

Ghorofa akapanda. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Themanini na nane," Taarifa akasoma kwa sauti ya uchaguzi mkuu.

Tukapiga makofi, tukakumbatiana, Taarifa akaanza kutushukuru kwa niaba yake mwenyewe. Nyapara akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema kilo themanini na nane ni safi sana, tena itamruhusu kumwongezea ndoo mbili za rangi kule juu, ili wasipoteze muda wa kushuka na kupanda.

"Jumatatu asubuhi," akamwambia Ghorofa, "wewe na shemeji yako. Mnaanzia ghorofa ya tisa."

Ghorofa alifunika uso kwa viganja. Alikuwa na furaha mpaka unamwonea huruma.

Mimi nikamtazama Taarifa. Taarifa akatazama viatu vyake, ambavyo nilimshonea mimi na havikuwa na jambo geni la kutazamwa. Sasa ndipo mizani ile tulipoikumbuka sote kwa pamoja. Ghorofa ya tisa, watu wawili, ndoo mbili za ziada, na hesabu imetoka kwa Kilo. Nilitaka kusema. Nakwambieni nilitaka, nikafungua mdomo kabisa, nikasikia nasema tu kwamba jua leo ni kali.

Aliyesema alikuwa Kilo.

"Mteremshe," akasema.

Nyapara akageuka. "Vipi tena?"

"Hiyo mizani si ya kumpandishia mtu kwenye kamba." Alikuwa ametoa kofia, anaikunja mikononi. "Inapunguza. Nimeifanya ipunguze. Na miezi hii biashara imekuwa ngumu, nimeikaza mara kwa mara."

Nyuma yetu lile gunia la bibi lililia kidogo, alikuwa anasimama.

Ghorofa aliteremka polepole. "Kaka," akamwambia Kilo, "muda wote huu ulikuwa unaniibia?"

"Nilikuwa namwibia kila mtu. Wewe ulikuja ukajiweka mwenyewe kwenye foleni."

Nyapara akauliza kama hakuna mizani nyingine humu ndani. Kilo akasema ipo, ile ya kuuzia vyuma kwenye malori makubwa. Nyapara akasema vizuri, twende kwenye hiyo. Kilo akakunja kofia tena.

"Hiyo inazidisha."

"Na ya kweli?"

"Ya kweli mimi ningeifanyia nini?"

Nyapara alivuta pumzi ndefu. Akauliza basi huyu mtu ana kilo ngapi. Kilo akafikiri kwa bidii, maana sasa alikuwa anataka kusaidia kwelikweli. "Hii ya nje imesema themanini na nane," akasema. "Ya ndani itasema mia na kumi. Hapo katikati kuna mtu."

Mama Birika aliacha jiko lake akaja kusimama na sisi. Alisema wale wanaume wote wameunda kamati ya kupunguza uzito, na wamekubali kupimwa na mwizi wanayemjua kwa jina. Siku ile, bila kula chochote, tulinenepa wote kwa pamoja. Niliona Taarifa anajishika kiuno kwa siri, anahesabu kilichorudi. Zahanati ilikuwa imeshafungwa mpaka Jumatatu, na Nyapara alisema hataki mtu wa kumjaribisha Jumatatu, anataka jibu leo au anampigia simu mpaka rangi mwingine. Simu alikuwa ameshaitoa.

Ghorofa hakubishana. Alikaa kwenye benchi langu. "Piga," akasema. "Mimi shemeji yangu sitamtundika juu kwa hesabu za getini. Ana mtoto mchanga."

Nyapara akairudisha simu mfukoni, akaenda kwenye pikapu yake. Akashusha ubao mrefu wa jukwaa na kipande cha bomba nene. Akalaza bomba chini, akaweka ubao juu yake, akachomoa futi na kupima mpaka bomba likawa katikati kabisa. Ncha moja akapakia mifuko miwili ya saruji ambayo haijafunguliwa, yenye chapa ya kiwanda, kilo hamsini kila mmoja.

"Hiyo ni mia," akasema. "Kaa upande wa pili, umbali uleule. Ukibaki chini, nakuaga. Ukipanda, kazi ni yako."

Ghorofa akautazama ubao. Taarifa, ambaye aibu haimkai mwilini kwa muda mrefu, akamshauri atoe vitu mfukoni. Ghorofa akatoa funguo, brashi ndogo, na yai la kuchemsha ambalo hajalimenya. Akavua na viatu. Nilivipokea mimi.

Taarifa na Kilo wakakandamiza ncha ya ubao mpaka ikashuka, Ghorofa akakaa, miguu imekanyaga ardhi, na mifuko ya saruji iko juu kule. Nyapara akawaambia wale wawili waachie, na Ghorofa ainue miguu, asijisukume, asijishike.

Akainua.

Mwanzo ubao haukufanya lolote. Ulikaa tu, na bomba likanong'ona chini yake. Kilo alikuwa amefumba macho. Mama Birika alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, na mimi nikamwacha. Nilisema moyoni, ewe Mola, kama kuna kilo ya mtu inatafuta pa kukaa, niongezee mimi. Kisha saruji ikaanza kushuka. Ilishuka taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kiti, mpaka ikagusa udongo. Na yule bwana mkubwa, na kabichi yake, na usingizi wake wa siagi, akapanda.

Alibaki pale juu, miguu mitupu inaning'inia. Haikuwa juu sana, ungemfikia kiunoni. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Sisi tuliokula mkate wake tulisimama chini tunamtazama, na mimi nilimfurahia na nikajionea haya, vyote kwa wakati mmoja.

"Jumatatu," Nyapara akasema. "Bila ndoo za ziada. Sasa shuka."

"Niache nikae kidogo," Ghorofa akajibu.

Nyapara akamwacha. Akatugeukia sisi, akauliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mjumbe mwingine wa kamati angependa kupanda. Taarifa akakumbuka gari la mkurugenzi linalotoka saa hiyohiyo. Mimi nikakumbuka kiatu cha watu. Mama Birika akasema usiogope baba, hakuna atakayepanda hapo, saruji itapaa mpaka bondeni. Kilo yeye alikuwa tayari kwenye geti lake, anatafuta kufuli huku na huku.

Bibi wa masufuria alikuwa ameshaliburuta gunia lake mpaka karibu na ubao. Akalitua, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akamwangalia Ghorofa pale juu kwa upole.

"Pumzika, mwanangu, umefanya kazi," akamwambia. "Ukishuka, zamu ni yangu." Kisha akamgeukia Kilo, ambaye kufuli ilikuwa imeshaingia kwenye tundu.

"Funga tu, baba. Ubao uko nje."